Waya wa Chini

"Uzio gani huu wenye mdomo?" aliuliza Lindauer, mmiliki mpya wa ranchi, akausukuma waya wa chini kwa ncha ya buti lake. "Huku kote umekaza vizuri, halafu hapa umeachia. Paka anaweza kupita hapa na mkia juu."

Verla Stroud hakuinuka. Alikuwa amepiga goti vumbini, plaisi mkononi, na kuinuka kwa magoti yale ya miaka sitini na moja ilikuwa kazi. Hakuona kwa nini amfanyie kazi hiyo mtu aliyefika ranchini mwezi wa Mei na buti zake bado zinang'aa.

"Hapo hapakuachiwa, bosi. Pameinuliwa. Ni njia ya swala."

"Swala anaruka."

"Wa kwenu labda."

Lindauer alicheka. Kwao, mashariki, alikokulia kwenye misitu, paa huruka uzio wa kifuani bila kukimbia, na yeye alikuwa amekuja Wyoming na elimu hiyo kichwani kama mtu aliyehamia na fanicha zake zote. Verla alimwonyesha manyoya meupe yaliyonasa kwenye miiba ya waya. Lindauer alisema ni ya mbwa. Verla alimwonyesha mchanga ulivyochimbika chini kama beseni. Lindauer akasema ni maji ya mvua.

"Jumatatu paziba," alisema. "Nyaya tano, zote zimekaza, mpaka barabarani."

Miaka kumi na tisa Verla alikuwa fundi wa uzio wa ranchi ile, na wamiliki watatu walikuwa wamekuja wakaondoka. Swala wa nyika ile wanaweza kulishinda gari kwa mbio, lakini kuruka hawajui. Hutambaa. Majira ya baridi mawili yaliyopita jirani alikaza waya wake mpaka chini, theluji ikawasukuma swala kusini, wakafika kwenye uzio na kusimama hapo mpaka wakafa. Verla aliajiriwa siku mbili kuwabandua kwenye waya. Wengine walikuwa wamekufa wamesimama, wameegemeana. Alilia hadharani mbele ya wanaume, na wala hakuona haya.

"Nipe mpaka Jumapili mchana," alisema sasa. "Kibali changu cha kuwinda swala ninacho. Nikimwangusha dume hapa hapa kwa upinde, akiwa ametoka chini ya waya huu, pabaki wazi."

"Kwa upinde? Nina wageni watatu waliolipia uwindaji, wenye pinde za kisasa za magurudumu na darubini, siku ya nne leo wamekaa penye birika la maji ya ng'ombe na hawajarusha hata mshale mmoja."

"Mimi sina magurudumu."

"Na ukikosa?"

"Nitapaziba mwenyewe."

Walipeana mikono. Orrin, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiendesha lori la maji pale ranchini, alikuwa amesikia yote akiwa ameegemea boneti.

"Shemeji," alisema gari la Lindauer lilipokwisha kutoweka, "upinde wenyewe ni wa tangu ndoa yako. Na bega je?"

"Bega liko hapa."

"Naliona liko hapo. Nauliza kama linafanya kazi."

"Wewe peleka maji, Orrin."

Alichokuwa nacho Verla, na wale wageni hawakuwa nacho, kilikuwa takataka. Magugu makavu ya nyika, yale yanayong'oka na kubingirika na upepo, hujazana kwenye uzio mpaka yakauangusha, na kuyaondoa ilikuwa sehemu ya kazi yake. Mwezi mzima hakuyaondoa pale. Alikuwa ameyaacha yarundikane hatua kumi na nane kutoka kwenye mwanya, upande ambao upepo hautoki ili harufu ya mtu isiwafikie, na swala walikuwa wameyazoea kama mtu anavyozoea kabati bovu sebuleni. Kibanda cha wageni kilisimamishwa asubuhi moja tu kando ya birika, na swala, wenye macho ya kuona kofia ikigeuka umbali wa maili mbili, walikiona na kuamua kwamba kiu inavumilika.

Jumamosi jioni mvua ilinyesha, ndefu na nzito. Wageni walifurahi kwamba vumbi limetulia. Verla alifurahi zaidi, maana sasa kila kishimo kilikuwa na maji na hakuna swala atakayehangaika na birika.

Jumapili kulipopambazuka alikuwa tayari ameketi ndani ya rundo la magugu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa jua. Miiba ilimchoma shingoni. Ilipofika saa tatu mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na saa nne aliwaona: majike tisa wakiteremka kwa mstari, na dume nyuma yao, pembe nyeusi zenye tawi mbele, shavu jeusi, akiwasukuma huku na huku kama mwenye nyumba anayehesabu watu wake.

Jike la kwanza lilipiga magoti na kupita. La pili. La tatu lilisimama, likatazama rundo la magugu moja kwa moja, na Verla akafumba macho kwa sababu macho ya mtu yanang'aa. Alipoyafumbua jike lilikuwa limekwisha pita.

Swala anaona kila kitu isipokuwa wakati mmoja: akiwa anatambaa, kichwa kiko chini na pembe zinatafuta namna ya kutonasa. Hapo ndipo mtu huvuta upinde. Si kabla, si baada. Dume lilipopiga magoti, Verla alivuta. Bega lilipiga kelele ambayo yeye peke yake aliisikia.

Angeweza kuachia pale pale. Dume lilikuwa chini, tumbo mchangani, mgongo umebanwa na waya, shabaha ambayo hata kipofu angeipata. Lakini Verla hakuwahi kumpiga kiumbe aliyepiga magoti na hangeanza leo kwa ajili ya Lindauer. Alishikilia. Dume lilijitoa, likasimama, likajikung'uta mchanga, likageuza kichwa kuyatafuta majike yake. Mshale ukaondoka.

Lilikimbia hatua sabini, likasimama kana kwamba limesahau kitu, na kulala.

Verla alikuwa amekwisha toa matumbo na kuanza kuchuna, maana joto la Agosti halimsubiri mtu asherehekee, Lindauer alipofika na wageni wake. Orrin alikuwa nyuma yao na masanduku ya barafu. Lindauer alilitazama dume kwa haraka tu. Kilichomshika ni uzio. Alikwenda kwenye mwanya, akachutama, akachomoa manyoya mapya kwenye mwiba na kuyasugua vidoleni.

"Wanapita wote hapa?"

"Nilikwambia."

"Kila siku?"

Verla alikisimamisha kisu juu ya ngozi. Aliliona jambo lenyewe likija, na hakukuwa na pa kulikwepa.

"Basi pabaki wazi," Lindauer alisema, uso wote ukiwa umefurahi. "Neno langu ni neno. Tena kwingine kote pabaki pamekazwa, mwanya uwe huu tu. Vibanda viwili, kimoja hapa, kimoja pale. Jamani, wanatambaa kwa magoti. Atakayekosa hapa akauze upinde." Wageni walicheka. "Na wewe, mama, uache plaisi. Utakuwa unawaleta wageni. Mshahara mara mbili."

"Niache nimalize nyama," alisema Verla.

Walipoondoka Orrin alifungasha mapaja kwenye barafu. Kisha akasema, "Mdomo uliponza kichwa, shemeji."

"Si mdomo. Mshale." Alijifuta damu kwenye suruali. Alikuwa na hasira, na hasira kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe: miaka kumi na tisa alikuwa ameificha njia ile kwa kutoitaja, na leo ameitia sahihi mbele ya watu. "Peleka nyama kwenye baridi. Ukirudi, njoo na nyundo ya pili."

"Unataka kufanya nini?"

"Mlango ukiwa mmoja, mtu atakaa mlangoni. Nitaweka milango mia tatu."

Alianzia nguzo ya kwanza mashariki ya mwanya. Aling'oa msumari wa chini, akainua waya mpaka shubiri mbili kutoka ardhini, akaugongea hapo. Ng'ombe hangeweza kupita. Swala angeweza kupita bila hata kulowesha tumbo kwenye umande. Nguzo ya pili. Ya tatu. Orrin aliporudi alichukua upande wa magharibi, akilalamika kuhusu mgongo wake kwa sauti ya kusikika.

Saa tisa Lindauer alikuja peke yake.

"Nani kakutuma kazi hii?"

"Hakuna."

"Huo ni uzio wa ranchi."

"Na uzio wa ranchi ni wa kuzuia ng'ombe. Haya, nionyeshe ng'ombe atakayepita."

"Nitakufukuza kazi, Verla. Sitanii."

"Nifukuze." Aligonga msumari, mara mbili, ukaingia. "Ukitaka kuurudisha chini itabidi ukodi mtu, nguzo baada ya nguzo, na ukimpata anayejua kufunga waya katika kaunti hii nitamfahamu, kwa sababu nilimfundisha mimi. Na kila mtu mjini atauliza kwa nini unaurudisha. Nitawaambia."

Lindauer alisimama. Alimtazama Orrin, ambaye ghafla aliuona msumari wake kuwa kitu cha kuvutia sana.

"Kesho usije," alisema.

"Kesho sitakuja. Leo bado ni leo."

Alirudi garini, lakini hakuondoka. Alikaa na injini imezimwa, akitazama. Verla alikuwa kwenye nguzo ya sitini na kitu, misumari mitatu midomoni, bega limevimba mpaka shingoni, majike yalipojitokeza tena juu ya kilima, yakitaka kurudi yalikotoka asubuhi. Yalishuka kuelekea kwenye mwanya, yakanusa damu, yakarudi nyuma. Yakafuata uzio mashariki, polepole, vichwa chini. Moja likasimama mahali ambapo hakuna swala aliyewahi kupita, likaupima waya kwa pua. Likainama. Lingine halikulifuata, lilipita nguzo mbili mbele yake, na lingine mbele zaidi, kila moja mahali pake.

Verla alisimama bila kutikisika mpaka la mwisho lilipovuka. Kisha akatoa msumari mdomoni na kwenda kwenye nguzo iliyofuata.