Ukisikia, Nyoosha Mkono

Mashine ya Mayunga pale Chanji, mjini Sumbawanga, ikishawashwa asubuhi, hakuna anayezungumza kwa mdomo. Mwanamke akiinua kidole kimoja, anataka dona. Akisugua viganja, mahindi yakobolewe kwanza. Akigusa kilemba, ni ulezi, na Valerian anajua abadilishe chekeche. Miaka yote aliyosimama kwenye kinu hicho hajamkosea mtu unga wake, na wateja husema yule mzee anasikia kuliko vijana. Hawajui kwamba masikio yake yamekufa.

Yalikufa polepole. Walianza kupotea ndege, ikafuata kengele ya kanisa, mwisho sauti za watu. Akajifunza kutazama midomo, mabega na mikono, na anapokosa kabisa hutabasamu na kusema "sawa". Alificha kwa sababu Mayunga asingemwacha kiziwi karibu na mkanda unaozunguka. Angemfukuza siku hiyo hiyo, na uzee ule nani angempa kazi?

Wote aliweza kuwatazama, isipokuwa Rozina. Binti yake huyo wa pekee aliolewa upande wa Zambia, na hupiga simu akija gulioni Kasesya, pale mpakani, ambako laini yake ya Tanzania inashika. Simu haina midomo. Mara ya mwisho Rozina aliongea kwa muda mrefu, na Valerian, akihisi tu mtetemo mdogo shavuni, akajibu, "Hongera, mama. Mungu ni mwema." Dereva mmoja wa lori aliyetoka huko ndiye aliyekuja kumwambia baadaye: Rozina alikuwa akimweleza kwamba mimba yake imetoka.

Hakupiga tena. Valerian alipompigia, simu ilikatwa. Usiku alijaribu kuikumbuka sauti ya mtoto huyo alipokuwa akipepeta ulezi uani huku anaimba, na hata ile ya kukumbuka ilikuwa imeanza kumponyoka. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Ndiyo maana watafiti wa chuo walipokuja kuchunguza kama mashine za kusaga zinaua masikio, alikuwa wa kwanza kukubali kupimwa. Walitangaza kwamba watakaokutwa na tatizo watapewa vifaa vya kusikilizia, bure. Walitangaza pia kwamba wenye mashine zitakazoonekana kuumiza watu watatakiwa kuwanunulia wafanyakazi vya kuziba masikio. Hapo Mayunga naye akapata shauku ya sayansi, akamsindikiza Valerian mpaka chumba cha kupimia na kusimama mlangoni.

"Shikamoo mzee," alisema mpimaji, msichana mpole aitwaye Mariana.

"Marahaba, daktari."

"Unasikia vizuri?"

Valerian alimtupia jicho bosi wake. "Kidogo kidogo," alijibu. Aliona afadhali kipimo kimsemee.

Mariana alimvisha vifuniko vyenye waya masikioni, akakaa ng'ambo ya meza na kamashine kake. Chumba kilikuwa kidogo, viti vimetazamana, hapakuwa na pengine pa kukaa. "Ukisikia mlio, hata mdogo, nyoosha mkono," alisema, na Valerian akayasoma maneno yote midomoni mwake.

Kila Mariana alipobonyeza kitufe, bega lake la kulia lilishuka kidogo. Mkono wa Valerian ukapanda. Bega likashuka, mkono ukapanda. Hakuwa anadanganya, masikini. Mkono wake ulikuwa umezoea kufuata macho tangu ujana, nao ukafanya kazi yake kama ulivyoifanya kila siku mbele ya foleni ya wanawake.

Mariana alimvua vile vifuniko akitabasamu. "Hongera, mzee. Masikio yako mazima kabisa. Tutakuweka kundi la wasio na tatizo."

"Ahsante," alisema Valerian.

Mayunga alipiga makofi. "Si niliwaambia? Mashine yangu haina neno. Na huyu ndiye aliyekaa nayo kuliko wote."

Valerian alifika nje ndipo ile hongera ikamchoma. Alikuwa ameitamka yeye mwenyewe kwa Rozina, vivyo hivyo, kwa tabasamu. Alimwacha Mayunga akiwasha pikipiki, akarudi ndani.

"Daktari, nilikuwa nakutazama bega. Sisikii kitu mimi. Nipime tena, nikupe mgongo."

Mariana aliinua karatasi, akaziba nayo mdomo. Valerian aliiona karatasi ikicheza kidogo kwa pumzi, asisikie neno. Alipoishusha, macho ya msichana yalikuwa yamebadilika.

"Mzee wangu, kila mtu anapimwa mara moja," alisema taratibu, ili asomeke. "Kamashine haka kameshayatuma majibu yako makao makuu. Nikibadilisha yako wataniuliza ya wengine. Vifaa vimehesabiwa kwa majina. Nitawaambia wakubwa, lakini..."

Hakumalizia, na Valerian hakuhitaji amalizie. Kwa hiyo masikio yake maiti ndiyo yangetoa ushahidi kwamba mashine za Sumbawanga haziumizi mtu.

Mchana alikuwa tena kwenye kinu, unga umemjaa kope. Kila mara alishika mfuko wa kifuani, maana mashine inatetemesha kila kitu na ni rahisi kuikosa simu. Ilikuwa siku ya gulio Kasesya. Aliposhika tena, mfuko ulikuwa unatetemeka mtetemo wake wenyewe. Akaitoa. Rozina.

Valerian alizima mashine.

Wanawake kwenye foleni walitazamana. Mayunga alitoka kwenye kibanda chake, mikono juu, akiuliza kulikoni. Valerian alimpa mgongo, akaibana simu sikioni.

"Rozina, mama, mimi baba yako ni kiziwi," alisema, kwa sauti kubwa ambayo mwenyewe hakuijua ukubwa wake. "Sikusikii. Hata siku ile sikukusikia. Ile hongera niliitoa bila kujua najibu nini. Nisamehe, mwanangu."

Foleni nzima ilisikia. Mayunga alisikia, mikono yake ikashuka. Mwanamke aliyekuwa karibu na kinu alisikia pia sauti nyembamba ikilia ndani ya simu, akaziba mdomo kwa khanga.

Valerian alihisi tu mtetemo mdogo shavuni, akaikandamiza simu kwa mikono yote miwili.

"Ongea tu, mama," alisema. "Usikate."