Anayekaa Nyuma

Kitu cha kwanza Letina alichokiona ni tope kwenye kidevu cha Abrehet. Ulikuwa msimu wa mvua, barabara za Dekemhare zilikuwa chapachapa, na wasichana wote wa mazoezi ya baiskeli walirudi na miguu michafu. Lakini Abrehet alirudi na mstari wa tope uliopanda kutoka kifuani, ukapita kidevuni, ukaishia juu ya mdomo. Akajifuta kwa kiganja, akacheka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Letina akatambua kwamba tope lile lilirushwa na gurudumu lake yeye.

Basi akaanza kuwaza. Mtu hakubali kula tope la mwenzake bure.

Letina hakuwa mgeni wa baiskeli. Tangu alipoacha shule ya msingi, kila msimu alibeba matunda ya mpungate, yale yenye miiba, kutoka mlimani hadi sokoni, kikapu kikiwa kimefungwa nyuma kwa mpira. Wavulana wa mjini walimnyemelea kwa baiskeli zao, wakanyoosha mkono, wakachopoa tunda, wakatokomea wakimpigia mluzi. Barabara ilimfundisha somo moja: anayekaa nyuma yako anataka kitu chako.

Kilichokuwa kigeni kwake ni mashindano. Klabu ya mji ilikuwa imewaazima wasichana baiskeli nyembamba za mbio, na mwalimu wao, mzee Habtezion, hakuwaficha kitu. Jumapili watashindana. Wawili wa kwanza watabaki na baiskeli na kuingia klabuni. Wengine watarudisha, kwaheri. Letina aliilaza ile yake kando ya kitanda, na alipoamka aliigusa kwanza kabla ya kuvaa viatu.

"Anayetangulia anakata upepo," mwalimu aliwaeleza. "Anayefuata anapumzika. Kwa hiyo mnapokezana. Ukichoka, chezesha kiwiko hivi, mwenzako apite mbele. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Letina alisikia ile nusu ya kwanza tu. Kumbe! Siku zote hizo yeye alikuwa akikata upepo, na Abrehet akijipumzisha mgongoni kwake.

Wazee wa mkahawani, ambao hakuna baiskeli inayowapita bila maneno, waliongeza chumvi.

"Letina, mwanangu!" mmoja aliita, kikombe mkononi. "Umezaa lini? Mbona ndama habanduki nyuma yako?"

"Mwache anyonye," mwingine akadakia. "Jumapili atamwacha mama yake zizini!"

Wakaangua kicheko. Abrehet alicheka nao. Letina aliinamisha uso, na kicheko kile akakiweka moyoni.

Tangu hapo kila jambo la Abrehet likawa na harufu. Akimmegea kipande cha mkate wa himbasha, Letina alijiuliza: kwa nini leo? Akimwuliza, "Shoga, miguu inauma?" Letina alijibu, "Haiumi," hata siku aliyoshuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kama humtaki nyuma yako, mwambie," mama yake alisema, akitikisa kikaango cha kahawa.

"Nitamwambiaje, Mama?"

"Kwa mdomo."

Hakumwambia.

Jumapili waliondoka kwa kishindo kuelekea Mai Edaga, wageuze na kurudi mjini. Kwenda, Letina alijificha katikati ya kundi. Kurudi, penye kilima, aliona wenzake wanahema, akasimama juu ya pedali na kupanda kama anayewahi soko. Alipogeuka kileleni, kundi lilikuwa mbali chini. Mtu mmoja tu alikuwa naye. Abrehet, bila shaka.

Mbele yao palikuwa tambarare na upepo wa uso. Wawili mbele, nafasi mbili. Hata mtoto angeona kwamba hesabu imekwisha.

Abrehet akapita mbele. Alivuta kwa nguvu, mgongo umeinama, kisha akachezesha kiwiko. Zamu ya Letina.

Lakini miguu ya Letina ilikuwa imebaki kilimani. Mapaja yalitetemeka, macho yaliona vimulimuli. Akijua nimeisha, aliwaza, ataniacha hapahapa kwenye upepo, kundi linimeze. Hiki ndicho Abrehet alichokuwa akikingoja. Akaukaza uso, akafunga mdomo asisikike akihema, akakaa palepale nyuma.

Kiwiko kikacheza tena.

"Pita!" Abrehet alisema.

"Pita wewe."

"Mimi niko mbele, nipite nani? Njoo!"

Letina akatazama pembeni. Abrehet akageuka, akamkodolea macho, akauona ule uso mkavu.

"Ahaa. Leo ndiyo umepata akili? Unanichosha ili uniruke mjini?"

Akapunguza mwendo. Letina naye akapunguza. Wakaenda bega kwa bega, polepole kama watu watokao kanisani, kila mmoja akimvizia mwenzake. Letina aliomba hali ile iendelee, maana alikuwa anapumua. Hakutazama nyuma hata mara moja.

Waliposikia minyororo, wenzao walikuwa wameshafika. Wakapita kama mvua ya mawe. Abrehet aliwakimbilia, akawa wa tatu. Letina hakukumbuka alimpita nani na alipitwa na nani.

Walirudisha baiskeli kwenye banda la klabu. Mzee Habtezion alizipokea akitikisa kichwa. Nje, Abrehet alimfuata Letina ukutani, macho mekundu.

"Tungeingia sote wawili! Sote, unajua? Nimekukosea nini mimi?"

Abrehet akajifuta macho kwa kiganja.

"Wiki nzima uko mbele, nakungoja uchezeshe kiwiko nikupokee. Huchezeshi. Nikasema huyu anapenda mbele, acha nimwache. Leo nakuomba zamu moja, moja tu, unanikazia macho kama askari. Ulikuwa na nguvu zote zile, ukanifanyia ujanja!"

"Sikuwa nazo," Letina alisema.

"Nini?"

Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. Neno lililofuata hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake, tangu siku za vikapu.

"Nilikuwa nimechoka, Abrehet. Tangu kule juu. Nilichoka sana, nikaogopa ukijua utaniacha."