Kifuniko cha Pipa

Mama mkwe hakuwa mtu wa kurudia maneno. Nakupa nafasi moja, alimwambia mshonaji, mke wa mwanawe. Maharage yasipoiva kwa hayo makaa yako ya mihogo, tunarudi kwenye kuni, na habari hizo sitaki kuzisikia tena jikoni kwangu. Mshonaji akakubali. Moshi wa kuni ulimtoa machozi, lakini kilichomnyima usingizi ni kifua cha binti yake mchanga, waliyemwita Kifaranga. Kila jiko likiwashwa, mtoto alikohoa mpaka akatapika maziwa.

Basi akajaza pipa vipande vikavu vya mihogo iliyoharibika, akatia moto, akafunika na kuziba kingo kwa udongo, ili viungue polepole bila hewa mpaka viwe makaa. Akaingia ndani kunyonyesha.

Aliporudi alimkuta mama mkwe amefunua kifuniko, mwiko mkononi, anageuza. Ndimi za moto zilikuwa zinatoka pipani.

"Mwanangu, ulisahau vitu vyako. Vinaungua hivi."

"Mama, ndivyo vinavyotakiwa. Viungue."

Mama mkwe akautazama mwiko, ambao ncha yake nayo ilikuwa imeshika moto. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu kikiungua jikoni akakipita. Mshonaji alitaka kulia, akajikuta anacheka, na mama mkwe, kwa shingo upande, akacheka naye.

Wakafunika haraka, lakini vingi vilikwisha kuwa majivu. Makaa yaliyopona yalijaa bakuli tu. Mshonaji akayatwanga, kisha akapika gundi ya kuushikamanisha unga huo wa makaa, yaani uji mzito wa unga wa muhogo, ukatoka na mabonge. Mama mkwe akamsogeza kwa kiwiko. Hapa huniwezi, alisema. Akakoroga mwingine, laini, unaovutika, wakachanganya, wakafinyanga madonge na kuyaanika.

Yalipokauka wakayawasha, jiko wameliweka mlangoni. Moshi hata wa kumfukuza nzi haukuwepo. Maharage yakachemka, yakalainika, na Kifaranga akalala mgongoni kwa bibi yake bila kukohoa.

Siku ya pipa la pili, mama mkwe alivuta kigoda akakaa kando ya pipa hilo. Mshonaji alipojisogeza kuchungulia, akapigwa mkono kwa mwiko ule ule ulioungua ncha.

"Usiguse. Acha viungue."