Pikipiki Isiyokata Kushoto

Daktari aliniambia mgongo wangu hauinami tena. Nikamjibu kwamba sijawahi kumwinamia mtu, kwa hiyo sioni hasara. Tatizo ni pikipiki yangu ya miaka arobaini na minane: ina usukani mfupi, wa kulalia, na mimi kuulalia siwezi tena. Binti yangu Zlatina akaona hapo ndipo pa kunimalizia.

"Baba, Jumamosi mnunuzi anakuja kutoka Plovdiv. Ukienda makaburini kwa mama na kurudi bila kukunja uso, namrudisha alikotoka. Ukishindwa, hilo dude linaondoka."

Ijumaa nikabadilisha usukani. Niliufunga ule wa pikipiki ya marehemu tarishi wa kijiji, mrefu, umejipinda kama pembe za kondoo dume. Mipira ya kushikia iligoma kutoka kwenye usukani wa zamani. Nikaimiminia rakia, pombe yetu kali ya matunda, nusu ya mipira, nusu yangu, tukalegea sote. Kuibandika kwenye mpya nilitumia dawa ya kupulizia nywele ya marehemu mke wangu Stoyanka, iliyobaki rafuni miaka sita. Nywele zake haikuwahi kuzituliza, lakini mipira ile hata ng'ombe wawili wasingeing'oa.

Jirani yangu Valko alikuwa uani kwake akitafuna mbegu za alizeti. "Mzee Krastan, usukani umepanda, waya wa kuvuta mafuta haukurefuka. Huoni ulivyokaza?"

"Wewe tafuna, jirani. Meno yenyewe yamebaki mawili."

Jumamosi ya wafu, siku ya kuwapelekea marehemu chakula, nikafunga bakuli la ngano ya kuchemsha na chupa ya divai nyuma ya kiti, nikatoka nimekaa wima kama askofu. Kona ya kwanza nikakata kushoto. Waya ukavutika, pikipiki ikanguruma na kuruka mbele bila ruhusa yangu. Nikanyoosha, ikatulia. Nikajaribu kukata kulia, ikawa pole kabisa.

Makaburi yako kushoto. Na Valko alikuwa anatazama.

Basi nikaenda kushoto kwa kukata kulia mara tatu. Nilipita kwenye nyanya za Valko, kwenye baraza ya meya, na katikati ya kondoo, ambao saba kati yao walinifuata hadi kaburini na kula ngano kwa heshima zote. Nikammwagia Stoyanka divai yake, nikamshukuru kwa ile dawa.

Wakati wa kurudi, lango langu nalo likawa kushoto. Zlatina na mnunuzi waliniona nikipita mara nne kabla sijaingia.

"Mzee, hii haikati kushoto?" mnunuzi akauliza.

"Ikate kushoto kwa sababu gani? Huko anakaa daktari."

Mgongo uliwaka moto, lakini uso niliuacha laini kama yai. Zlatina aliukagua muda mrefu, kisha akamwambia mnunuzi aende salama. Akabaki ameshika usukani, akiuvuta ule mpira kwa hasira. Haukutoka. Akanusa kiganja chake.

"Inanukia mama," akasema.

"Haya. Iuze sasa."