Kimeta kwenye Udongo Mweusi

Aminah aliukuta ugonjwa huo bila kuutafuta. Kazi yake katika maabara moja ya Nakawa ilikuwa kuchunguza viumbe wadogo wasioonekana kwa macho katika udongo wa misitu. Alichukua udongo kidogo, akatoa DNA iliyoachwa humo na kuvu na bakteria, kisha akasoma ni viumbe gani waliokuwamo. Msimu huu aliongeza sampuli ya shimo lililo ukingoni mwa msitu. Mjomba wake Kamis, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akichimba huko udongo mweusi wa kitalu chake cha maua kule Namuwongo, na alipenda kujisifu kwamba udongo ule ungeotesha hata msumari.

Sampuli ya shimo hilo ndiyo iliyotoa jina la kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na hata watu.

"Rudia," alisema Komakech, mwenzake wa maabara. "Kijidudu hiki kina ndugu wanaofanana nacho."

Walirudia kwa kipimo kinachotambua kimeta peke yake. Jibu likawa lile lile. Komakech alivua glavu polepole.

"Lakini DNA haituambii kama vijidudu hivyo viko hai. Pengine ni mabaki ya ng'ombe aliyekufa zamani."

"Pengine," alisema Aminah, na tayari alikuwa ameshika mkoba wake.

Alimkuta mjomba amechuchumaa kitaluni kwake, karibu na reli, akijaza udongo kwenye viriba vya miche kwa mikono mitupu.

"Asalaam aleikum, mjomba."

"Waaleikum salaam, binti yangu. Mbona unahema?"

"Nionyeshe mikono."

Mzee alicheka, akainyoosha. Juu ya kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na kidonda cha mviringo, katikati cheusi tii, pembeni kimevimba.

"Kinauma?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana sikwenda hospitali."

Aminah alijua kwamba kidonda cha kimeta hakiumi. Alitamani kingekuwa kinauma.

"Mlipochimba, mliona mifupa?"

"Mafuvu ya ng'ombe, na pembe. Tulivitupa kando. Mifupa ni mifupa tu, mama."

Alilazwa siku hiyo hiyo. Dawa zilimkubali, na kidonda kikaanza kukauka. Maafisa wa afya walilifunga shimo, wakauzuia udongo uliobaki kitaluni. Lakini mwingi ulikuwa umeshauzwa kwa magunia, na wanunuzi wengine walikuwa wapita njia tu. Akiwa kitandani, mzee alijitahidi kuwakumbuka. Katika shule moja ya chekechea iliyonunua udongo huo, Aminah na maafisa walifika mapema; magunia yalikuwa bado yamefungwa. Aminah alitoka pale, akaelekea Kabalagala, ambako mzee alikumbuka kuiuzia baa moja asiyoijua jina.

Alizunguka baa moja baada ya nyingine. Katika ile ya mwisho, vyungu vya maua mlangoni vilikuwa vitupu.

"Maua yalikauka," alisema mwenye baa, mama mmoja aitwaye Husnah. "Udongo tuliumwaga huko nyuma."

Nyuma palikuwa na mtaro. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na mtaro ulikuwa safi, umeoshwa hadi saruji ikaonekana. Yale maji yalikuwa yameteremka bondeni, kwenye nyumba za watu.

"Nani aliumwaga?"

"Joska, anayetufanyia usafi. Hajaja kazini wiki hii. Nasikia ana homa, na uso umemvimba."

"Anakaa wapi?"

Husnah alijaribu kumpigia Joska simu, akaisikiliza ikiita bila kupokewa, akaishusha.

"Namuwongo huko chini," alisema. "Nyumba yenyewe siijui."