Gari Lililolindwa na Mama Mkwe

Gari lenyewe lilikuwa la watu wawili tu. Hilo peke yake lingetosha kumwonya Magloire, maana nyumbani alikuwa na mke, Rosine, na tumboni mwa mke alikuwamo wa tatu njiani. Lakini mwanamume akishapenda chuma, haambiliki. Alilikuta Lubumbashi kwa fundi mmoja, la njano, bapa, limejikunyata chini kama chura, na kabla jua halijazama lilikuwa lake. Gari la mbio! Lilisafiri kwa treni hadi Samba, likapandishwa juu ya lori, likavushwa mto Lualaba, na siku lilipoingia kwao Kasongo watoto wakaliita Paipai kwa unjano wake. Barabara ya kulikimbiza haikuwepo. Magloire aliliendesha kutoka kanisani hadi sokoni, kisha akarudi, na kwenye kila shimo baiskeli zilizobeba mawese zilimpita.

Kazi yake ilikuwa kununua dhahabu kwa wachimbaji wa Kabambare. Huko alikwenda kwa pikipiki, kama watu wengine wote, akipitia Wamaza na matope yake. Gari lilibaki nyumbani, na roho yake ilibaki nalo. Wachimbaji walimsemesha naye akajibu mambo mengine, maana alikuwa akiwaza milango ya gari.

Na kweli wezi walikuja. Kwanza kilitoweka kioo cha pembeni. Baadaye wakavunja kidirisha cha nyuma wakang'oa redio, wakaacha nyaya zinaning'inia. Magloire alilia, msimcheke, alilia machozi kabisa. Kisha akaanza kutafuta mwizi kichwani mwake, na kichwa cha mtu aliyeibiwa hakikosi mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akamtia machoni Jean-Pierre.

Jean-Pierre alikuwa mume wa Marcelline, dada mkubwa wa Rosine, na mkate wake aliupata kwa kubeba abiria kwa pikipiki. Kosa lake? Siku ya kwanza ya Paipai alifungua boneti, akapiga mluzi, akauliza maswali mengi. Basi. Kwa hayo tu Magloire alimhukumu na kumfunga, bila hakimu wala shahidi.

Akaanza kulilinda gari. Alipitisha mnyororo kwenye magurudumu, akautia kadenasi, kufuli kubwa kama ngumi. Alifungisha king'ora chenye batri yake chenyewe, kilicholia hata mbuzi akijikuna kwenye bampa. Mwishowe alimwita fundi kutoka mbali, akamwekea swichi ya siri chini ya kiti cha dereva. Bila kuibonyeza, hata mwenye ufunguo angezungusha mpaka achoke na injini isiwake. Mahali pa swichi hakumwambia mtu, hata Rosine. Angemwambia Rosine, Rosine angemwambia dada yake, na dada mtu angelala na siri hiyo kitanda kimoja na Jean-Pierre.

Lakini hata hapo hakupata usingizi. Ndipo akili yake, ambayo kwa dhahabu ilikuwa kali sana, ikampa wazo la mwisho: alipeleke gari kwa mama mkwe.

Kwa watu wa ukoo ule, mkwe ni mkwe. Mwanamume hamkaribii mama aliyemzaa mkewe, hamtazami usoni, hamtaji jina, na mahali anapolala mama huyo ni moto. Mkwe akigusa mkeka wake tu, ni aibu ya kusimuliwa mpaka wajukuu, na ukoo mzima utakaa kikao. Sasa, Mama Léontine, mama wa Rosine na Marcelline, alikuwa na wakwe wawili, Magloire na Jean-Pierre. Gari likiwekwa ukutani pa chumba chake, Jean-Pierre hatalisogelea kamwe. Magloire aliona ameshinda.

Rosine peke yake aliuliza swali la maana.

"Na weye mwenyewe utalitoa namna gani? Weye si mukwe?"

"Nitatuma Laura," alisema Magloire. Laura alikuwa binti wa mwisho wa Mama Léontine, bado yuko kwa mama yake, na ndiye aliyebeba maneno kati ya mama na wakwe. "Yeye atanifungulia, mama atakuwa jikoni. Usisumbuke."

Mama Léontine alipokea ulinzi ule kwa moyo wote. Mwanamke huyu hakujua kufanya jambo nusu. Aliona kulala ukutani hakutoshi, kwa hiyo akachukua ufunguo wa akiba alioachiwa, akazima king'ora, akaingia ndani ya gari. Alilaza kiti cha dereva, akatandika mkeka, mto na vitenge vyake, na kila jioni aliwasha kitaa cha ndani, akasali rozari mpaka usingizi umchukue. Laura alipoleta habari hizo, Magloire alicheka mpaka akashika mbavu. King'ora gani kingemshinda mama mkwe aliyelala ndani? Rosine hakucheka. Tumbo lilikuwa limekwisha shuka, na miguu ilikuwa imevimba.

Asubuhi moja, mvua ilipotulia, Rosine aliita kwa sauti ambayo Magloire hakuwahi kuisikia. Alimkuta ameshika nguzo ya mlango, kitenge kimelowa damu. Marcelline alifika mbio, na nyuma yake Jean-Pierre na majirani watatu wamebeba tipoyi, kile kiti cha miti miwili ambacho wagonjwa wengi wa vijiji hupelekwa nacho hospitali.

"Tumuweke juu, tuende," alisema Jean-Pierre. "Pikipiki hawezi kukaa, damu inatoka sana."

Magloire akainua mkono. Mke wake kubebwa kwa miti, kama mtu asiye na mtu?

"Mungoje! Miye niko na motokari. Naenda kuleta, sasa hivi tu."

"Shemeji, fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema Jean-Pierre.

"Nimesema mungoje!"

Walingoja. Mke ni wake, neno ni lake.

Alikimbia kupita soko, viatu vikabaki matopeni. Alipofika ua wa Mama Léontine, miguu yake ikasimama yenyewe kwenye uzio, kama ilivyofundishwa. Akapiga makofi. Akakohoa. Laura alikuwa kisimani. Ndani ya ua kulikuwa na Mama Léontine nyuma ya ukuta wa jiko, na mbuzi mmoja aliyefungwa kamba. Magloire aligeuza mgongo, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa katikati, akasema na mbuzi.

"Mbuzi, ambia mama, Rosine iko naumwa. Nataka motokari."

Kutoka nyuma ya ukuta jibu likaja kwa adabu ile ile. "Mbuzi, uliza mukwe wangu, anaumwa vile ya kuzaa?"

"Mbuzi, ambia mama... ambia mama, damu ni mingi."

Sufuria ilianguka. Mama Léontine alitoka jikoni mikono imejaa unga, akapita katikati ya ua, akamshika Magloire bega na kumgeuza. Alimtazama machoni. Tangu ndoa hakuwa amewahi kumtaja jina.

"Magloire! Acha mambo ya mbuzi! Ingia, uchukue motokari, uokoe mutoto wangu!"

Akashika njia, kichwa wazi, akikimbilia kwa binti yake. Mwiko alikuwa ameuvunja yeye mwenyewe, mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia. Magloire angeingia, na hakuna ambaye angefungua mdomo.

Lakini hakuingia. Alifungua kadenasi, nayo ilikuwa imekula kutu kwa mvua, ikamla vidole. Alifungua mlango, kwa haraka akasahau king'ora, kikalia, watu wakatoka na fimbo, wakamkuta ni mwenye mali. Kisha akaona kiti. Mkeka ulikuwa bado na umbo la mwili. Mto ulikuwa na mafuta ya nywele. Kitenge cha kulalia cha mama yake Rosine kilikuwa pale, kimekunjwa juu ya kiti, na swichi ilikuwa chini yake, na ili kuifikia alipaswa kutia mkono katikati ya nguo hizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Magloire alijaribu kuinama, mgongo ukakataa. Kichwa kilisema, mkeo anakufa. Mkono ulisema, hapa ni moto.

Mwishowe aliokota kijiti. Enyi watu, mtu mzima huyu, mkewe anavuja damu, alisimama nje ya gari akiondoa vitenge vya mama mkwe kwa ncha ya kijiti, kimoja kimoja, na kila kimoja alikiweka juu ya nyasi kwa uangalifu kisichafuke. Majirani walimtazama wasijue wamhurumie au wampige. Alipomaliza na mkeka, alilala kifudifudi, akaipapasa swichi, akaibonyeza. Akageuza ufunguo.

Kimya. Batri ilikuwa imekwisha. Kitaa cha rozari kilikuwa kimeinyonya jioni baada ya jioni.

Walilisukuma gari. Wanaume, wanawake, yeyote aliyekuwa na mabega. Paipai ilikwama kwenye mfereji, ikatolewa, ikakwama tena, tumbo lake likikwaruza changarawe, ndipo ikakohoa na kuwaka. Magloire aliendesha hadi nyumbani akipiga honi njia nzima. Alikuta mlango wazi, damu kizingitini, na nyumba haina mtu.

Hawakuwa wamengoja mpaka mwisho. Mama Léontine alipofika peke yake, bila gari, Jean-Pierre alisema basi, inatosha, wakambeba Rosine. Lakini walikuwa wamekwisha kungoja vya kutosha.

Hospitali ilikuwa juu kwenye kilima. Kwenye baraza Magloire alimkuta Jean-Pierre amekaa chini, matope mpaka magotini, kifua wazi. Shati lake lilikuwa ndani, chini ya Rosine. Mabega yake yalikuwa yamechubuka kwa miti. Alimwangalia shemeji yake bila chuki, na Magloire akatamani angemtukana. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akimwita mwizi rohoni mwake kila siku, na sasa aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Rosine iko muzima," alisema Jean-Pierre pole pole. "Mutoto, hapana. Alikuwa wa kike. Muzalishaji anasema, kama tungefika mapema kidogo..."

Mama Léontine alikuwa amesimama mlangoni pa wodi. Alipomwona Magloire, alivuta kitenge juu ya uso wake, akapisha njia, akaenda kusimama mbali. Alikuwa amerudi kuwa mama mkwe.

Rosine alikuwa amelala ubavu, midomo myeupe. Marcelline alikuwa akimpepea na kipande cha katoni. Magloire alipiga magoti kando ya kitanda, akataka kumshika mkono, mkono ukajikunja.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Rosine. "Tulikungoja. Niliwaambia, mumungoje, anakuja. Mara mbili Jean-Pierre alitaka kuninyanyua, nikakataa. Nikasema, bwana yangu anakuja. Ulikuwa wapi?"

Magloire alitafuta uongo, wowote, hata mdogo. Hakuupata.

"Nilikuwa nafungua motokari," alisema.

Rosine alimtazama. Akageuza uso kuelekea mlangoni, akamwita Jean-Pierre, akamwomba maji.