Simu ya Nyamizi na Kaunta Buku Yetu

Jamani, hili hamtaamini. Hata mimi ningehadithiwa ningesema acha uongo. Lakini lilitokea hapa hapa Bariadi, dukani kwetu, mchana kweupe. Simu iliyozimwa kioo, nyeusi tii, iligundua kosa langu la mwaka mzima na mimi nimesimama hatua moja pembeni, najichekesha, sijui kinachoendelea.

Naitwa Winnie, nauza kwenye stesheneri ya bosi Method, karibu na stendi. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunapiga picha za pasipoti, ila kazi kubwa ni maombi ya mtandaoni. Mtu anatoka Sima au Somanda na vyeti vyake kwenye mfuko wa rambo, anasema dada nifungulie akaunti, namfungulia. Namba ya simu naweka ya duka, maana wateja wengi leo wana laini hii, kesho ile. Paswedi natunga mwenyewe: jina lake, halafu moja mbili tatu. Naiandika kwenye kaunta buku yenye jalada jekundu. Humo kuna watu kama mia mbili, na inakaa chini ya mashine ya kopi, yeyote akiinama anaichukua. Sikuwahi kuona shida. Nilikuwa najiona msaada mkubwa kwa watu.

Mmoja wa hao mia mbili ni Nyamizi, ng'wana Luhende, yaani binti Luhende, kama wanavyomwita kwao. Haoni tangu mdogo, aliugua surua. Kamaliza kidato cha sita, anataka ualimu kuliko kitu chochote. Mwaka jana alikuja na kaka yake Mayunga, mkulima wa pamba, ndiye aliyemlea. Nikamjazia maombi ya chuo cha ualimu kule Iringa.

Majina yakatoka. Nyamizi kachaguliwa! Kabla hata sijampigia, nikamwona Mayunga anaingia peke yake.

"Mwadila, Winnie."

"Mwadila, kaka Mayunga! Umesikia? Mdogo wako kachaguliwa!"

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaishika mapajani.

"Nimeona kwenye tangazo. Winnie, huyu alipokuwa na miaka sita nilienda naye kwenye godauni la pamba. Nikamwachia mkono kidogo tu, niweke gunia kwenye mzani. Tulimtafuta mpaka jua linazama. Tulimkuta katikati ya marobota, kalala, sauti imekauka kwa kuniita. Sasa Iringa. Nani atamtafuta kule?"

"Lakini si alikaa bodingi, kaka?"

"Bodingi kulikuwa na matroni. Na mimi nililala pale getini siku mbili mpaka nikaridhika. Chuo nani ana muda na mtu?" Akashusha sauti. "Hiyo nafasi ikatae. Mwambie hakuchaguliwa. Atalia wiki moja, atazoea."

Akaninunulia soda ya chungwa, baridi. Na mimi nikakubali. Wala hakunibembeleza. Niliona huyu ni kaka mtu, ndiye aliyehangaika naye, mimi ni nani nimbishie? Nikafungua kaunta buku, nikaandika Nyamizi123, nikaingia, nikabonyeza KATAA NAFASI. Dakika mbili hazikuisha. Halafu nikampigia simu Nyamizi mwenyewe: "Dada, majina yametoka, safari hii hujabahatika."

Akasema, "Haya. Asante kwa kunisomea."

Basi, yakaisha hivyo. Mwaka huu akaomba tena, chuo kile kile, nikamjazia tena kama vile sijui kitu.

Sasa mwezi wa tisa, majina bado hayajatoka, siku moja nipo kaunta natazama video kwenye simu, nasikia fimbo tak tak kizingitini. Nyamizi, yuko peke yake, kapendeza, ana kipochi begani na hedifoni shingoni.

"Winnie, hujambo? Nisomee paswedi yangu iliyo kwenye kaunta buku."

"Ya nini tena, dada? Si ninayo mimi?"

"Ndiyo maana naitaka."

Nikamsomea. Alicheka mpaka akashika meza. "Nyamizi moja mbili tatu! Bebe, wewe Winnie! Hata mbuzi wa kwetu angeingia humo."

"Mimi nilitaka usisahau."

"Sisahau sasa. Nina ghala langu."

Akaniambia alikuwa Mwanza wiki mbili, mafunzo ya watu wasioona, wakafundishwa programu ya kutunza paswedi. Yeye anakumbuka moja tu, ya mlangoni. Nyingine zote programu inazitunga yenyewe, ndefu, za ajabu ajabu, hata yeye hazijui.

"Sasa kama huzijui, zitakuwa zako vipi?"

"Ufunguo wa kwenu unajua una meno mangapi?"

Akatoa simu, akaiweka juu ya kaunta. Nikachungulia, nyeusi.

"Dada, simu imeisha chaji."

"Haijaisha. Nimezima kioo makusudi. Mimi sikihitaji, na wewe huna haja ya kuchungulia."

Haki ya Mungu nilirudi nyuma! Halafu akaachia sauti nisikie. Jamani, ile sauti inakimbia kama dalali wa mnadani, sikuambulia hata neno. "Punguza, dada, punguza!" Akapunguza, ikasema taratibu: "Ghala limefungwa. Andika nywila kuu." Akawa anatelezesha kidole kwenye kioo cheusi, ananyanyua, anatelezesha, na simu inasema, "Nukta. Nukta. Nukta."

"Mbona haitaji herufi?"

"Nikivaa hedifoni inanitajia mimi. Bila hedifoni inasema nukta tu, kwa ajili ya watu wenye masikio marefu."

"Mimi sina masikio marefu!"

"Una kaunta buku, Winnie. Ni zaidi."

Akavaa hedifoni zake, akaendelea kimya kimya. Akaingia kwenye akaunti ya chuo kwa ile paswedi yangu, akaambia ghala litunge mpya, herufi ishirini na nne, ikajitunza yenyewe. Mimi kazi hiyo ingenichukua nusu saa na makosa matatu. Akataka kubadilisha na namba ya simu aweke yake, ila mfumo ukasema lazima kwanza zitumwe tarakimu sita kwenye namba ya zamani, yaani ya duka. Na simu ya duka bosi Method alikuwa kaondoka nayo, yuko msibani Nassa. Tukapiga, haipatikani.

"Basi nitarudi akishakuja," akasema. Lakini hakuondoka. Akaendelea kuupitia ule ukurasa kwa kidole.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Mimi nimefungua akaunti kama hizo mara mia. Naingia, naona kitufe ninachokitaka, nabonyeza, natoka. Chini kabisa ya ukurasa kuna maandishi madogo ya kijivu ambayo sikuwahi kuyasoma. Nyamizi haruki. Simu yake inamsomea kila kitu, kikubwa kwa kidogo, kwa sauti ile ile moja. Yale maandishi ya kijivu kwake hayana udogo wala ukijivu.

Niliona kidole kimesimama. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akarudisha tena.

"Winnie."

"Abee, dada."

"Mwaka jana uliniambia sikuchaguliwa, eeh?"

Nikajifanya napanga karatasi. "Ndiyo, dada."

"Haya."

Akakunja waya wa hedifoni taratibu, akaweka simu kwenye kipochi, akatoka. Tak, tak, tak, mpaka barabarani.

Nilishindwa kukaa. Kwenye akaunti yake siwezi tena kuingia, kwa hiyo, aibu yangu, nikafungua kaunta buku nikaingia kwa mteja mwingine, nikashuka mpaka chini kabisa. Kumbe! Imeandikwa kila kitu. Kachaguliwa wapi, kakubali au kakataa, tarehe, saa, dakika. Nikajua simu imeshamwambia. Na amenipa nafasi niseme kweli, nikadanganya mara ya pili.

Ijumaa majina yakatoka. Nyamizi yumo tena, Iringa. Jumamosi asubuhi Mayunga huyo hapo, safari hii soda kaja nayo mkononi.

"Winnie, ile ya mwaka jana. Irudie."

Nikaandika Nyamizi123, makusudi, nikijua. Nywila si sahihi.

"Kabadilisha," nikamwambia.

"Nani kambadilishia?"

"Mwenyewe. Hapo hapo ulipo."

"Mwenyewe vipi, haoni?"

"Kaka, tulikuwa wawili hapa, na aliyekuwa haoni kinachofanyika ni mimi."

Hakucheka. "Si kuna ile ya kusahau? Ulinifanyia mwaka juzi kwenye mambo ya mbolea. Zinakuja namba kwenye simu ya duka, unaingia."

Na kweli ipo. Method alisharudi, simu ya duka iko mkononi kwangu. Mkono wangu, kwa mazoea tu nawaambia, ukabonyeza UMESAHAU NYWILA. Simu ikatetemeka. Tarakimu sita hizo hapo. Lile ghala la Nyamizi lote, herufi zake ishirini na nne, kioo chake cheusi, nukta zake, vyote vimebaki vinashikiliwa na kidole changu kimoja. Mayunga kanyoosha shingo.

"Zimekuja?"

"Mtandao unasumbua, kaka. Pita jioni."

Huo ndio uongo wa kazi yetu, kila mtu anauamini. Akaacha soda kwenye kaunta, akaenda zake sokoni. Zile namba nikazifuta, nikampigia Nyamizi.

"Dada, umechaguliwa."

"Najua. Simu imenisomea jana ile ile. Nilikuwa nakuja kwenu. Nikitaka kukubali nafasi wanatuma namba kwenye simu ya duka."

"Ninayo hapa. Lakini dada, kabla ya hilo, mwaka jana..."

"Ngoja." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Jibu swali moja tu. Aliyebonyeza ni kaka, au ni wewe?"

Ningeweza kumtupia Mayunga. Nani angenikatalia? Nilimtazama yule mtu kichwani mwangu, na kofia yake mapajani, hata kitufe chenyewe hakijui kilipo.

"Kaka aliomba. Aliyebonyeza ni mimi. Na aliyekudanganya ni mimi, mara mbili."

Nasikia kuku wa kwao. Nasikia mtu anatwanga.

"Natuma sasa," akasema. Simu ya duka ikatetemeka. "Nisomee. Safari hii soma kilichoandikwa."

Nikasoma tarakimu moja moja. Kule kwake nikasikia ile sauti ya dalali inakimbia, ikasimama.

"Tayari. Nimekubali nafasi. Sasa natuma ya kubadilisha namba, nisomee na hiyo." Nikamsomea na hiyo. "Basi, duka lenu halimo tena."

"Umenisamehe, dada?"

"Winnie, mimi naupitia ukurasa kitu kimoja kimoja. Hapo bado sijafika."

Akakata.

Saa kumi na moja Mayunga akarudi. Nilitaka nikimbilie chooni, kweli. Lakini nikamwambia wima: Nyamizi kakubali nafasi, mwenyewe, na anajua ya mwaka jana yote. Nikadhani atapiga meza. Akakaa kwenye lile benchi, akavua kofia.

"Anajua na mimi nilikuja?"

"Anajua."

"Kasema nini?"

"Kuhusu wewe hajasema kitu, kaka."

Akaigeuza geuza kofia. Halafu akaniuliza, si kwa hasira, ingekuwa hasira ningeweza kujibu:

"Mwaka jana nilipokuja hapa nilikuwa naogopa tu. Njia nzima natafuta maneno ya kukubembeleza, maana nilijua utanikatalia. Ungenikatalia, ningerudi nyumbani nikazoea. Hukuniuliza mara ya pili. Mbona hukunikatalia, Winnie?"

Akasimama, akavaa kofia. Mlangoni akageuka: "Iringa wanasema baridi kali. Ngoja nikaangalie makoti kabla hawajafunga."

Akaondoka. Soda yake ikabaki pale, imeshapata moto, sikuifungua. Tangu siku hiyo naipitia kaunta buku jina kwa jina, nawapigia wateja waje wabadilishe, na kila ninayemmaliza nachana karatasi yake. Nimefika thelathini na moja. Wengine wananicheka, wananiambia Winnie wewe endelea kunitunzia tu, nakuamini. Hao ndio wananinyima raha kuliko wote.

Nyamizi anasafiri Jumatatu. Hajanipigia, na mimi sijui kama nina haki ya kwenda stendi kumuaga, japo ni hapo hapo mbele ya duka.

Lakini swali la Mayunga haliondoki. Kwa hiyo nawauliza nyinyi mnaosoma hapa: kaka mtu amekaa mbele yako, anaogopa kumpoteza mdogo wake, soda ya baridi iko kaunta, paswedi unayo mkononi, na mwenyewe hayupo. Wewe, ile mara ya kwanza, ungefanya nini?